Somo: Kupiga bati lisivuje

Paa likivuja, mwenye nyumba hulaumu bati. Mara nyingi kosa ni la aliyelipiga. Hapa nazungumzia bati la kawaida la mawimbi. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimeshasimama na papi (mbao za juu yake zinazopigiliwa bati) zimepakwa dawa ya mchwa.

1. Pima paa kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, liko mraba. Visipolingana, rekebisha papi kabla hujapandisha bati hata moja.

2. Jua upepo wa mvua unatoka wapi. Hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Anzia upande unakoelekea upepo, si unakotoka. Nyumba ikipigwa na kusi, yaani upepo utokao kusini, anzia kaskazini uje kusini: kila bati jipya litalalia lililotangulia, na mdomo wa maungio utaupa upepo mgongo. Ukifanya kinyume, mvua itasukumwa ndani hata kama bati limetoka dukani jana.

3. Ubavuni lalisha mgongo (sehemu ya wimbi iliyoinuka) mmoja na nusu, au miwili. Bati la juu lilalie la chini sentimita 15. Paa likilala sana, 20 au zaidi.

4. Msumari ni juu ya mgongo, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Raba iliyo chini ya kichwa cha msumari ikae tu, usiiponde.

5. Piga kofia (bati la kufunika kilele cha paa), kisha fagia. Ndiyo, fagia! Chenga za chuma zinazoruka ukikata bati kwa grenda zikibaki juu zinaota kutu, na kutu hiyo inahamia kwenye bati.

MASWALI

Fundi, kati ya geji 30 na 32 ipi nene?
— 30. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Ukiweza, nunua 28.

Shikamoo fundi. Paa langu la zamani linavuja kwenye misumari. Nipake lami?
— Marahaba. Lami itapasuka kwa jua. Ng'oa msumari uliolegea, kwenye tundu hilohilo funga skrubu nene kidogo yenye raba. Papi ikiwa imeoza, anza na papi.

Nyumba yangu ina mita 100 za mraba. Tangi la lita 1,000 litatosha kuvuna mvua?
— Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ikinyesha milimita 20, ni karibu lita 2,000, ukiacha zinazopotea njiani. Tangi lako litafurika siku hiyohiyo. Halafu kwenye hesabu tumia eneo la chini linalofunikwa na paa, si mteremko wa bati.