SOMO: Bima ya nyumba, kuanzia majanga hadi aina za kinga (soma kabla hujauliza)

Kila masika yanapokaribia napokea swali lile lile: "Nimekata bima ya nyumba, je, mafuriko yamo?" Siwezi kulijibu bila kuiona hati yako ya bima, na nimechoka kuandika sentensi hiyo. Nafanya kazi ya udalali wa bima hapa Dar es Salaam, na huu ndio utaratibu ninaompitisha kila mteja mpya. Atakayeuliza jambo lililokwisha kuelezwa nitamrudisha kwenye namba ya hatua.

Hatua ya 1: Tenganisha janga na mazingira ya hatari. Janga ni tukio lenyewe linaloleta hasara, kama vile moto, radi, mafuriko au wizi. Mazingira ya hatari ni hali inayolirahisishia janga kutokea au inayolifanya liumize zaidi: paa la makuti, nyaya zilizounganishwa kienyeji, mtungi wa gesi uliowekwa chini ya swichi, nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa maji. Kampuni hulipa kwa sababu ya janga, lakini hupanga ada yake, na wakati mwingine hukataa kabisa kukupokea, kwa kuyatazama mazingira. Yapo pia mazingira yanayotokana na tabia ya mtu: yule anayepanga kudanganya, na yule ambaye akishapata hati haoni tena haja ya kufunga geti usiku.

Hatua ya 2: Amua unachokikatia bima. Mwenye nyumba anayeishi humo hukata ya jengo na ya vitu vya ndani. Anayepangisha hukata ya jengo. Mpangaji hukata ya vitu vyake.

Hatua ya 3: Chagua aina ya kinga. Kinga ya majanga yaliyotajwa hulipa tu pale hasara inapotokana na janga lililoandikwa kwenye hati, na ni juu yako kuonyesha kwamba ndilo lililotokea. Kinga ya hatari zote hulipa hasara yoyote ya ghafla isipokuwa zile zilizoondolewa kwa maandishi, na hapo ni kampuni inayotakiwa kuonyesha kwamba hasara yako imeondolewa. Ya pili ni ghali zaidi, na wengi huitumia kwa vitu vinavyotembea nje ya nyumba, kama kompyuta, kamera na vito.

Bima ya moto ya kawaida ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani: moto, radi na mlipuko, na kwa kawaida mlipuko wenyewe ni wa gesi au bwela (chombo cha kuchemshia maji) ya matumizi ya nyumbani. Mafuriko, dhoruba, tetemeko, kupasuka kwa mabomba, fujo na kugongwa na gari huongezwa kimoja kimoja. Waliokuwa karibu na maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, au Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, wanaelewa kwa nini nasisitiza neno "mlipuko" lisomwe hadi mwisho wa sentensi yake. Na anayedhani tetemeko ni habari za nchi nyingine aikumbuke Bukoba ya Septemba 2016.

Hatua ya 4: Panga kiasi cha bima kwa uangalifu. Hapa ndipo watu waaminifu, wenye hati halali na ada iliyolipwa, huishia kupata nusu ya walichotarajia. Kiasi cha bima ya jengo ni gharama ya kulijenga upya leo, pamoja na kubomoa mabaki, kuondoa kifusi na ada za wataalamu. Si bei ambayo ungeiuza nyumba, kwa sababu bei ya Mikocheni ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Si kiasi cha mkopo wako wa benki, wala si ulichotumia ulipojenga miaka kumi iliyopita, wakati saruji na nondo zilikuwa na bei nyingine. Ukiandika kiasi pungufu ili ada iwe nafuu, kanuni ya uwiano itakufuata hata kwenye hasara ndogo. Tuseme nyumba ya kujengwa upya kwa shilingi milioni 120 imekatiwa bima ya milioni 60, kisha moto ukaharibu jiko kwa hasara ya milioni 20. Umejikatia nusu, kwa hiyo utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 10, na bado litatolewa fungu unalobeba mwenyewe, ambalo sisi tunaliita eksesi. Kuandika kiasi kikubwa kupita kiasi nako hakusaidii, kwa kuwa bima hurudisha ulichopoteza, haikutajirishi. Mtafute mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukadiria gharama za ujenzi, mara moja, kisha upitie kiasi hicho kila unapohuisha. Usimwachie wakala akujazie namba "ya kuanzia", maana namba hiyo ndiyo itakayokuhukumu.

Hatua ya 5: Jaza fomu mwenyewe na useme kweli. Kama mbele kuna saluni, au unauza mitungi ya gesi barazani, andika.

Hatua ya 6: Lipa ada, kisha uhakiki bima yako kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Risiti ya wakala peke yake haitoshi.

Hatua ya 7: Soma ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Mchwa, panya, kutu, uchakavu na ujenzi mbovu hukaa humo karibu kila mara.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi wa Tegeta: Sijasoma yote, niko kazini. Kwa kifupi, mafuriko yamo au hayamo?

Jibu: Hatua ya 3.

Mama Wawili: Samahani mwalimu, moto ukianzia chumba kimoja, halafu maji ya zimamoto yakaharibu makochi ya chumba kingine ambacho hakikuungua, hayo makochi yanahesabiwa ni hasara ya maji au ya moto?

Jibu: Dada, ni ya moto, mradi vitu vya ndani umevikatia bima. Hutazamwa sababu iliyoanzisha mfululizo wa matukio bila kukatizwa na jambo jingine, na hapa maji yasingemwagwa kama moto usingewaka. Vivyo hivyo kwa mlango uliovunjwa na zimamoto ili waingie. Lakini bomba likipasuka lenyewe usiku, hilo ni janga jingine, na lazima liwe limeongezwa kwa jina lake.

Fundi wa Tabata: Bima ni wizi tu. Jirani yangu aliibiwa televisheni akanyimwa hata senti.

Jibu: Mlango au dirisha lilivunjwa? Hati nyingi hulipa wizi ulioambatana na kuvunja au kutumia nguvu. Kama mlango ulikuwa wazi, au aliyechukua ni mtu wa humo humo ndani, hati ilisema hivyo tangu siku ya kwanza. Na kama ulivunjwa na bado akanyimwa, adai jibu la maandishi, kisha aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hiyo ndiyo kazi ya ofisi ile.

Fundi wa Tabata: Dirisha lilikatwa nondo. Nitamwambia.

Mwajiriwa: Benki ilinikatia bima niliponunua nyumba kwa mkopo. Nahitaji nyingine?

Jibu: Iombe benki nakala. Mara nyingi ni ya jengo peke yake na benki ndiyo ya kwanza kulipwa. Vitanda na friji yako havimo.

Mpangaji wa Sinza: Umeme ulirudi kwa nguvu, friji ikaungua ndani kwa ndani bila moto kutoka nje.

Jibu: Chini ya bima ya moto ya kawaida friji hiyo hailipwi. Kama moto wake ungeshika pazia, pazia lingelipwa.

Mama Wawili: Nyongeza kwa wenzangu: mimi hupiga picha kila kitu pamoja na namba ya nyuma ya kifaa, kisha najitumia kwa barua pepe, kwa sababu simu nayo inaweza kuungua.

Jibu: Vizuri sana, na uweke risiti humo humo.

Mama Wawili: Na ukuta wa uzio? Wetu uko upande wa bonde.

Jibu: Uzio na geti mara nyingi huondolewa kwenye dhoruba na mafuriko hata pale jengo linapokuwa na kinga hizo. Uandike kwenye fomu kwa jina lake na kiasi chake, na usilipe kabla hujauona kwenye hati.