Somo: Kumfundisha mama kubana misuli ya sakafu ya nyonga kupitia simu

Somo hili ni la wahudumu mlioko kazini: wafiziotherapia, wauguzi wakunga, maafisa tabibu. Linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalipitia mbio: tunamwambia mama aliyejifungua "bana misuli ya chini", tunampa karatasi, tunaita anayefuata.

Mwaka 1991 Bump na wenzake huko Marekani waliwapima wanawake 47 waliokuwa wameelekezwa kwa mdomo tu, tena kwa ufupi. Takriban nusu ndio waliobana ipasavyo. Robo yao walikuwa wakifanya kwa namna inayoweza kuongeza tatizo la mkojo kuvuja. Ndiyo sababu nimeirefusha hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Chuja kwanza
Uliza mkojo unamtoka wakati gani. Kama ni akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, endelea. Kama unamtoka kabla hajafika chooni, endelea pia, ila utamfundisha na kuichelewesha haja kidogo kidogo. Kama unavuja mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu au upasuaji, simama hapo. Ichukulie ni fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke, mpaka daktari aseme vinginevyo, umpe rufaa kwenda inakotibiwa. Kwa walio Dar es Salaam, mfano ni hospitali ya CCBRT. Hakuna zoezi linaloziba tundu. Na usimcheleweshe, maana tundu dogo ambalo bado ni bichi huweza kuziba kwa mpira wa mkojo peke yake.

Wengine wape kazi ya siku tatu: waandike walichokunywa, walikwenda chooni mara ngapi, walivuja wakifanya nini. Asiyejua kuandika achore alama.

Hatua ya 2: Mweleze misuli ilipo
Imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kama kitambaa cha machela, ikibeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana. Mwambie: "Zuia upepo usikutoke mbele ya wakwe, halafu vuta ndani na juu." Atacheka. Mwache acheke, ameshaelewa.

Hatua ya 3: Hakikisha kweli anabana
Kliniki tunapima kwa kidole, kwa ridhaa yake, tukitumia kipimo cha Oxford cha nguvu ya misuli: 0 ni hakuna mbano, 5 ni mbano wenye nguvu. Kwenye simu kidole hicho hatuna, kwa hiyo tunatazama na kuuliza.

Alale chali, magoti yamekunjwa, amevaa nguo zake. Simu ikae pembeni ionyeshe kifua, tumbo na mapaja. Akibana, tazama: pumzi imekatika? Makalio yameinuka? Mapaja yamekazana? Tumbo limetuna? Lolote kati ya hayo likitokea, anatumia misuli mingine, au anasukuma. Mwombe aweke kidole kwenye msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa, juu ya nguo ya ndani. Msamba ukikikimbia kidole kwenda ndani, ni sawa. Ukikisukuma nje, aache kabisa, mrudi hatua ya 2. Muulize pia kama anahisi misuli inaachia anapolegeza. Kuachia ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu tunayoisahau.

Asipohisi chochote baada ya kujaribu vizuri, aje kliniki. Na kamwe usiombe picha wala video ya sehemu za siri, hata kama mama mwenyewe hana neno.

Hatua ya 4: Kipimo cha zoezi
Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Aanze na sekunde anazoziweza, hata kama ni 3, akipanda taratibu kuelekea 10. Apumzike muda uleule aliobana. Amalizie kwa mibano michache ya haraka.

Hatua ya 5: Abane kabla
Kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kubeba mtoto, abane kwanza. Utafiti wa Miller na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kuvuja wakati wa kukohoa kukipungua ndani ya wiki moja tu kwa mbinu hii. Ifundishe mapema, kwa sababu mama akiona mabadiliko ya haraka hatakata tamaa na ile miezi mitatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkunga, Kigoma: Shikamoo mwalimu. Wamama wetu tuliwafundisha kukatisha mkojo katikati. Ni sawa?
Jibu: Marahaba. Mara moja, ili autambue msuli, haina shida. Asiligeuze kuwa zoezi la kila siku, maana linavuruga kibofu kumaliza mkojo.

Mfiziotherapia, Mombasa: Nikimaliza kozi ya mtandaoni, naweza kuanza kupima kwa ndani?
Jibu: Hapana. Historia ya mgonjwa, anatomia na mazoezi utajifunza vizuri kwenye skrini. Mkono hufunzwa na mkono: tafuta msimamizi, na uhakikishe sheria za taaluma yako zinakuruhusu.

Muuguzi, Mwanza: Aliyerekebishwa fistula aanze lini?
Jibu: Mpira wa mkojo utolewe kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza ukae siku 7 hadi 10 kwa fistula isiyo na utata. Kisha subiri ruhusa ya aliyemfanyia upasuaji.

Afisa tabibu, Garissa: Dada mmoja anaumia sana kwenye tendo la ndoa. Nimpe mazoezi haya?
Jibu: Usimpe bado. Huenda misuli yake imekaza na haiachii. Ukimwongezea kubana unamwongezea maumivu. Anza na kupumua kwa tumbo na kulegeza. Kama alikeketwa, lazima achunguzwe ana kwa ana.

Mkunga, Tanga: Na bibi zetu wanaofunga tumbo kwa khanga?
Jibu: Usigombane nao. Khanga iliyofungwa kwa wastani inampa mama nafuu, ingawa haifanyi kazi ya misuli. Akishindwa kupumua vizuri au akihisi uzito chini, ilegezwe. Maji ya moto ya kukandia ndiyo ninayoyaogopa zaidi, kwa vile huunguza kidonda cha upasuaji.