Jinsi ya kusoma jiwe la kaburi la askari wa 1861–1865 lililofifia

Binti wa kaka yangu anasoma darasa la nane hapa Ohio. Shule iliwapa kazi: tafuta askari mmoja wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani aliyezikwa karibu na kwenu, useme alikuwa nani. Akaniletea picha kwenye simu, jiwe jeupe lililojaa ukoga. "Shangazi, hapa pameandikwa nini?" Nikadhani ni kazi ya nusu saa.

1. Ruhusa. Pigia simu ofisi ya makaburi. Ruhusa ya kusafisha iombe kivyake.

2. Tambua jiwe. Kichwa cha mviringo na ngao iliyozama ni askari wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Serikali iliidhinisha mawe haya kwa makaburi ya taifa mwaka 1873, na mwaka 1879 ikayaruhusu kwenye makaburi ya kawaida. Kichwa kilichochongoka ni cha askari wa Kusini. Usihangaike na tarehe ya kuzaliwa, mara nyingi haipo: utakuta jina, kombania na kikosi, basi.

3. Soma kwa kioo. Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili. Kwenye picha tulisoma "6 U.S.C.T.", yaani kikosi cha 6 cha askari Weusi, kilichoundwa karibu na Philadelphia. Tukapekua majina ya kikosi hicho mpaka macho yakauma, mtu wetu hayumo. Kumbe ilikuwa 5. Ukoga ulikuwa umeziba mdomo wa chini wa ile tarakimu. Kikosi cha 5 ni cha hapa hapa Ohio, kiliundwa katika mji wa Delaware wa Ohio mwaka 1863, na wanne wake walipata Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, kwa mapigano ya New Market Heights, Virginia.

Kwa hiyo nenda na kioo kirefu cha kujitazamia, kile cha kutundika mlangoni, na mtu wa kukishika. Asimame ubavuni mwa jiwe, si mbele yake, auelekeze mwanga wa jua upite juu ya uso wa jiwe kama mtu anayepangusa meza. Mwanga wa mbele hufuta kila kitu. Wa ubavuni huipa kila herufi kivuli. Mawingu yakitanda, rudini nyumbani. Jiwe linalotazama mashariki linaweza kusomeka bila kioo karibu na adhuhuri. Piga picha mwanga ukitoka kushoto, kisha kulia, kwa sababu herufi hizi zimeinuka ndani ya ngao na mwanga wa upande mmoja hudanganya macho, zikaonekana zimechimbwa. Tarakimu yoyote inayofanana na nyingine (3 na 8, 5 na 6, 1 na 7) iandike kwa alama ya kuuliza mpaka picha zote mbili zikubaliane.

Kuna watakaokuambia upake chaki au povu la kunyolea ndevu. Usithubutu. Chaki hukwaruza, povu huacha kemikali ndani ya marumaru. Mimi siwaelewi kabisa watu wanaofanya hivyo wakati kioo ni cha dola chache.

4. Safisha, ikibidi tu. Pitisha kidole taratibu: kikitoka na chembe kama sukari, liache jiwe. Likiwa imara, lilowanishe kwa maji mengi, sugua kwa brashi laini ya nailoni ukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, suuza. Jiki, siki, brashi ya waya na mashine ya kuoshea magari viache nyumbani. Siki inayeyusha marumaru.

5. Tafuta jina. Idara ya Hifadhi za Taifa ina orodha ya askari kwenye intaneti. Anza na kikosi, kisha jina la ukoo, na ujaribu tahajia zote, maana karani aliandika alivyosikia.

6. Faili la pensheni. Liombe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Kama mjane aliomba pensheni, humo huenda mna ushahidi wa majirani walioapa kwamba yeye na askari walikuwa mume na mke, kwa sababu waliooana utumwani hawakuwa na cheti. La mtu wetu bado tunalisubiri.