Jinsi ya Kusoma Rangi ya Mnyama Aliyehifadhiwa Makumbusho

Anayetaka kujua mnyama alijifichaje porini kwa kutazama kielelezo chake makumbusho, na aanze na kikaratasi kilichofungwa mguuni au kilichochomekwa kwenye pini, kabla hajaitazama rangi yenyewe. Hapo huandikwa mahali na tarehe aliyokamatwa, na bila hayo mawili rangi haisemi mengi.

Chukua mfano wa Melanitis leda, kipepeo wa kahawia arukaye jioni jua linapokuchwa, apatikanaye Afrika na Asia. Wa majira ya mvua ana madoa mfano wa macho upande wa chini wa mabawa. Wa kiangazi madoa hayo yamefifia mno, naye amekuwa jani kavu mtupu, kwa kuwa wakati huo hushinda ametulia juu ya majani yaliyopukutika. Ukiwalaza pamoja bila tarehe, utaapa kuwa ni spishi mbili. Tatizo ni kwamba vipepeo hukaushwa mabawa yakiwa yametandazwa, ilhali huyu akitulia huyakunja juu ya mgongo, kwa hiyo upande unaouona kwenye droo ndio hasa aliouficha. Mwombe mhifadhi akugeuzie, au ateleze kioo kidogo cha kujitazamia chini yake. Pini usiiguse mwenyewe, maana vipapasio vilivyokauka hukatika kwa mtikisiko mdogo tu.

Ndege nao hulazwa chali. Ukimkuta mbarawaji, ndege wa usiku, katika hali hiyo, tumbo lake halitakueleza lolote la maana. Taka kuuona mgongo, kisha rudi nyuma hatua tatu na uone jinsi michirizi inavyovunja umbo lake. Weusi na kahawia wa manyoya yake hudumu, ingawa baada ya miaka mingi huelekea wekundu.

Kijani ndicho kidanganyifu kuliko rangi zote. Ukukwi, yule nyoka wa kijani, aliyekaa ndani ya spiriti hugeuka buluu, kwa sababu kijani chake kilitokana na mwanga wa buluu uliorudishwa na fuwele ndogo za ngozi na kupita kwenye tabaka la manjano. Spiriti huyeyusha manjano, buluu ikabaki peke yake. Vunjajungu wa kijani, kwa upande wake, akikauka mara nyingi huwa manjano au kahawia, hata mtazamaji akadhani aliishi kwenye nyasi zilizokauka. Kwa viumbe hawa, andika ruwaza, yaani mpangilio wa madoa na michirizi, unayoiona, na rangi uitafute kwenye picha au maelezo yaliyochukuliwa mnyama akiwa hai.