Ili Wiki 12 za Kupunguza Mafuta Zisiishie Kwenye Nguvu ya Soda

Wiki ya kwanza karibu kila mtu anaiweza. Viatu ni vipya, mwili haujachoka, na mizani inashuka kilo moja, mbili, pengine tatu. Kisha inakuja wiki ya tatu: misuli inauma, mizani imegoma, na ile hamu ya kuamka mapema imepoa kama soda iliyoachwa wazi. Mtu anajiona mvivu. Mara nyingi si mvivu hata kidogo. Ameisoma vibaya namba ya mizani, au amejipangia mpango usiobebeka. Hayo mawili huua hamasa kuliko kukosa nia, na yote mawili yanarekebishika.

Kabla ya kuanza: kama una kisukari na unatumia insulini au dawa za kushusha sukari, una ugonjwa wa moyo, una mimba, unanyonyesha, hujafikisha miaka 18, au uliwahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, zungumza na daktari kwanza. Lichukulie kwa uzito. Kupunguza chakula huku kipimo cha dawa kikibaki palepale kunaweza kushusha sukari mpaka ukazimia.

Unatafuta gramu ngapi kwa siku?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo usipunguze kitu. Kula kama ulivyozoea, andika kila kinachoingia mdomoni, na ujipime kila asubuhi. Uzito ukibaki palepale, wastani wa kalori ulizokula kwa siku ndio unaokushikilia hapo. Tuseme ni 2,400. Toa asilimia 15 hadi 20, yaani kalori 360 hadi 480, na usivuke hapo hata kama una haraka.

Chukua upungufu wa kalori 440. Ukigawa kwa 7,700 unapata gramu 57 za mafuta kwa siku. Hiyo ndiyo kazi ya siku nzima uliyoitimiza bila kosa. Mizani nyingi za nyumbani husoma kwa hatua za gramu 100, kwa hiyo haziwezi hata kuiona. Wakati huohuo maji, chumvi ya chakula cha jana na kilichomo tumboni vinaweza kuusogeza uzito kilo moja hadi mbili kati ya asubuhi moja na nyingine. Unatafuta gramu 57 ndani ya mawimbi ya gramu 1,000. Anayepanda mizani akitarajia malipo ya jana atavunjika moyo karibu kila siku, na atakuwa anavunjwa moyo na maji.

Ule mporomoko wa wiki ya kwanza nao ni maji kwa sehemu kubwa. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula, akiba hiyo hushuka na maji yake hutoka. Baada ya hapo kasi inarudi kwenye ukweli wake. Mizani haijagoma; ni wiki ya kwanza iliyokuahidi kisichokuwepo.

Jinsi ya kujipima bila kujiumiza

Jipime kila asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula na kunywa, bila nguo au kwa nguo zilezile, mizani ikiwa sakafuni pagumu. Andika namba, kisha ondoka. Usiitafsiri. Jumapili jumlisha namba saba, gawa kwa saba, na huo wastani ndio pekee unaolinganishwa na wastani wa wiki iliyopita.

Tazama mfano huu. Wiki ya kwanza, Jumatatu hadi Jumapili: 84.6, 84.1, 84.9, 84.3, 83.8, 84.4, 84.2. Wastani ni 84.33. Wiki iliyofuata: 83.9, 84.5, 83.6, 84.0, 84.6, 83.5, 83.7. Wastani ni 83.97. Zimetoka gramu 360, mpango unafanya kazi vizuri kabisa. Lakini mtu anayejipima Ijumaa tu angeona 83.8 ikipanda kuwa 84.6. Angeamini ameongezeka gramu 800, na huenda angeacha jioni ileile.

Kwa wanaopata hedhi, uzito unaweza kupanda kwa maji siku chache kabla ya damu kuanza. Linganisha wastani wa wiki hiyo na wa wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, usiulinganishe na wa wiki iliyotangulia. Na anayeanza mazoezi ya nguvu kwa mara ya kwanza ajue kuwa misuli iliyofanyishwa kazi mpya hushika maji inapojitengeneza. Maumivu yake hufika kilele saa 24 hadi 72 baada ya zoezi, na mizani inaweza kusimama wiki mbili nzima huku mafuta yakipungua.

Kwa sababu hiyo mizani isiwe shahidi wako wa pekee. Kila baada ya wiki mbili pima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida, tepu ikiwa imelala sawa na sakafu na haibani ngozi. Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 1, rudia. Kila wiki nne piga picha tatu, mbele, ubavuni na mgongoni, mahali palepale, mwanga uleule, simu ikiwa mita 2 kutoka ulipo. Weka kando suruali moja isiyofunga na uijaribu siku hiyohiyo ya picha. Lakini shahidi anayefurahisha kuliko wote ni daftari la mazoezi: aliyeanza na pushapu 4 na sasa anapiga 11 hahitaji kuambiwa na mtu kwamba anasonga mbele.

Mpango wenye gia tatu

Kosa la pili ni kupanga wiki kana kwamba kila siku utaamka na nguvu zako zote. Mpango wa saa moja kila siku, siku saba, unavunjika siku ya kwanza mtoto anapougua au kazi inapokuweka mpaka usiku, na ukishavunjika mara moja mtu huona hauna maana tena. Panga gia tatu tangu mwanzo.

Gia ya kawaida: mazoezi ya nguvu siku 3 kwa wiki, dakika 40 kila mara, na kutembea haraka dakika 30 kwa siku 5. Hizo ni dakika 150 za kutembea, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafikishe kwa wiki, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Usiyaache mazoezi ya nguvu ukidhani kutembea kunatosha. Ukiwa na upungufu wa chakula bila kuitumia misuli, sehemu kubwa zaidi ya kinachopotea itakuwa misuli yenyewe.

Gia ya chini ni dakika 10: skwati 10, pushapu 5 (mikono juu ya meza au ukutani kama za chini hazijawezekana), kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 20, na kurudia mpaka dakika ziishe. Hii ni ya siku mbaya. Kalori inazochoma ni chache, na hilo halina tatizo. Kazi yake ni kuifanya saa ya mazoezi ibaki kuwa saa ya mazoezi. Gia ya juu, ya kuongeza seti au umbali, itumie siku unapojisikia vizuri, isizidi mara moja kwa wiki.

Sheria inayozifunga gia zote ni moja: usikose siku mbili za ratiba mfululizo. Kukosa moja hakuna madhara makubwa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kuwa tendo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, huku watu wakitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254, na kwamba kuruka nafasi moja hakukuharibu safari hiyo. Kwa hiyo usiamini habari kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Ikiwa siku ya 40 bado unajisukuma, uko mahali pa kawaida kabisa.

Ili usijadiliane na nafsi yako kila asubuhi, andika mapema kwa muundo wa "ikiwa… basi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameuchunguza kwa miaka mingi, na faida yake ni kwamba uamuzi unafanyika kabla uchovu haujafika. Andika tano tu, za mambo yanayokutokea kweli. Ikiwa ni saa 12 jioni na nimevua viatu vya kazi, basi navaa vya mazoezi kabla ya kukaa. Ikiwa mvua inanyesha, basi nafanya gia ya chini chumbani. Ikiwa nimealikwa mahali penye chakula kingi, basi najaza sahani mara moja, nusu yake mboga, na nakaa mbali na meza ya chakula.

Siku uliyokula kupita kiasi

Mlo mmoja uliozidi kalori 800 ni sawa na gramu 104 za mafuta, hata tukichukulia kwamba zote zinahifadhiwa. Umefuta chini ya siku mbili za kazi yako. Hasara kubwa inatoka kwenye sentensi inayofuata kichwani: "nimeshaharibu, nitaanza upya Jumatatu." Siku mbili za kula bila mpaka, kila moja ikizidi kalori 1,500, ni 3,000, wakati siku tano za upungufu wa 440 ni 2,200 tu. Wiki yote imekwenda. Rekebisha kwenye mlo unaofuata, kwa kiasi chako cha kawaida. Usijinyime wala usijiadhibu kwa kukimbia, maana njaa ya kesho ndiyo itakayokurudisha palepale.

Hamasa inapokufa kwa njaa

Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945 mtafiti wa lishe Ancel Keys aliwafuatilia wanaume 36 waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula chao cha awali na kupoteza karibu robo ya uzito. Walikuwa vijana wenye afya na nia thabiti, lakini walikuja kuwa na hasira, wakapoa, wakapoteza hamu ya mambo waliyoyapenda, na fikra zao zikawa chakula tu. Kwa hiyo ukijikuta huna ari ya chochote, unasikia baridi, unawaza chakula kutwa na usingizi umekuruka, usitafute maneno ya kujitia moyo. Umekata kupita kiasi. Rudisha kalori 150 hadi 200, hakikisha protini inafika gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kasi yako isizidi asilimia 1 ya uzito kwa wiki.

Usingizi una uzito uleule. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu walewale upungufu uleule wa kalori kwa siku 14 mara mbili, safari moja wakilala kitandani saa 8 na nusu na nyingine saa 5 na nusu. Kilo zilizotoka zilikaribiana, ila usingizi ulipofupishwa mafuta yaliyotoka yalipungua kwa asilimia 55 na sehemu za mwili zisizo mafuta, kama misuli, zikalipa tofauti.

Mizani ikisimama kweli

Kusimama kwa kweli ni wastani wa wiki tatu mfululizo usiosogea, na kiuno nacho hakijasogea. Chini ya hapo, endelea. Ikiwa imesimama, usikimbilie kukata chakula. Kwanza pima chakula kwa mizani ya jikoni kwa siku 7, hasa mafuta ya kupikia: kijiko kimoja kikubwa ni karibu kalori 120, na kukadiria kwa macho hudanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika New England Journal of Medicine uliwachunguza watu walioamini miili yao inakataa kupungua. Walikuwa wakipunguza hesabu ya chakula chao kwa karibu nusu na kuzidisha ya mazoezi kwa kiasi hichohicho. Kama vipimo viko sawa, ongeza hatua 2,000 kwa siku, kwa kuwa mtu aliye kwenye upungufu hukaa zaidi bila kujua, na mwili mwepesi hutumia nishati kidogo. Baada ya wiki mbili, kama bado, ndipo utoe kalori 100 hadi 150.

Kuhusu watu wa kukufuatilia: mtu mmoja anatosha. Mtumie kila Jumapili idadi ya vipindi vya mazoezi ulivyofanya kati ya vilivyopangwa, usimtumie kilo. Vipindi viko mikononi mwako, kilo haziko.

Wiki ya 13 usirudi ghafla kwenye ulaji wa zamani. Ongeza kalori 100 hadi 150 kwa siku, ukae wiki, uongeze tena, mpaka wastani usimame. Mwanzoni uzito unaweza kupanda nusu kilo hadi kilo moja na nusu, glaikojeni na maji yake vikirudi. Kiuno kitabaki kilipo. Endelea kujipima asubuhi. Wastani wa wiki ukizidi kilo 2 juu ya pale ulipomalizia, rudi kwenye upungufu wa asilimia 15 kwa wiki 3 au 4.