Namna ya Kulisoma Hekalu Kubwa la Thanjavur

Wageni wengi wanaofika Hekalu la Brihadisvara huko Thanjavur, kusini mwa India, huinua macho kwenye mnara, hupiga picha, wakaondoka bila kusoma hata mstari mmoja. Ninaposema kusoma namaanisha kusoma kwelikweli. Sehemu ya chini ya kuta zake imejaa maandishi ya Kitamil yaliyochongwa miaka elfu moja iliyopita, na historia ya hekalu imo humo. Nilisoma chuo Tiruchirappalli, safari fupi ya basi kutoka hapo, na kila ndugu au rafiki aliyekuja kunitembelea nilimpitisha njia hii.

Nenda jioni. Mahali pa ibada hufungwa mchana na kufunguliwa tena kama saa kumi. Viatu huachwa nje, na jua la saa saba juu ya sakafu ya mawe halina huruma na nyayo. Kiingilio hakuna. Funika mabega na magoti.

Utaingia kutokea mashariki kupitia malango mawili yanayofuatana. La kwanza huitwa Keralantakan, kwa kumbukumbu ya ushindi wa mfalme Rajaraja I wa ukoo wa Chola dhidi ya Kerala. La pili lina jina la mfalme mwenyewe. Usiyapite mbio. Miongoni mwa walinzi wakubwa wa jiwe wa hekalu hili, mtafute mwenye rungu lililozungukwa na nyoka, uinamie karibu: nyoka yule anameza tembo. Tembo ni mdogo mbele ya nyoka, nyoka ni mdogo mbele ya rungu, rungu ni dogo mbele ya mlinzi, naye mlinzi anaashiria kwa mkono kwamba aliyemo ndani ni mkubwa kuliko wote. Kwangu mimi, hakuna maelezo ya imani ya hapa yaliyo wazi kuliko jiwe hilo.

Aliyemo ndani ni Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Haabudiwi hapa kwa sanamu yenye uso na mikono. Huabudiwa kwa lingamu, nguzo ya jiwe inayosimama kwa niaba ya Mungu asiye na umbo, na ya Thanjavur ni kati ya kubwa kabisa nchini India. Mnara wenye urefu wa zaidi ya mita 60 umejengwa juu yake moja kwa moja. Linganisha na Madurai au Srirangam, mahekalu ambayo minara mirefu iko malangoni na patakatifu pamejificha chini. Rajaraja alitaka kila aliye mbali kwenye tambarare ya mto Kaveri ajue Shiva yuko wapi hasa. Tambarare hiyo haina miamba ya graniti, kwa hiyo mawe yote yalisafirishwa kutoka mbali.

Sasa zunguka hekalu, bega lako la kulia likiwa upande wa ukuta, kama wanavyozunguka waumini. Shusha macho hadi usawa wa magoti na kiuno. Mistari ile ya herufi ilichongwa kwa amri ya mfalme, ili kila zawadi iliyotolewa na yeye, dada yake Kundavai, wake zake na watu wengine iandikwe kwenye jiwe. Hutaweza kuisoma mwenyewe, hata Watamil wa leo herufi hizo huwasumbua. Lakini Eugen Hultzsch, mtaalamu Mjerumani wa maandishi ya kale ya India, aliitafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19, nami nakusihi upitie kurasa chache kabla ya safari. Utakuta kwamba siku ya 275 ya mwaka wa 26 wa utawala wake, yaani mwaka 1010, mfalme alitoa chombo cha shaba cha kuwekwa kwenye kilele cha mnara. Utakuta wanawake 400 wachezaji ngoma wa hekalu, kila mmoja kwa jina lake, mtaa na nyumba aliyopewa. Waimbaji 48 wa tenzi za Shiva waliwekwa pamoja na wapiga ngoma wawili. Taa moja ya kuwaka daima ilitengewa kondoo 96, na wachungaji waliokabidhiwa walidaiwa kipimo cha samli kila siku. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ibada iliendeshwa na mashamba, mifugo na majina ya watu.

Ndani ya ukuta wa patakatifu kuna ujia wenye michoro ya rangi ya enzi za Chola, iliyogunduliwa mwaka 1931 chini ya michoro ya watawala wa baadaye, Wanayaka. Umma hauruhusiwi kuingia.

Yule ng'ombe dume mkubwa wa jiwe anayelitazama hekalu, Nandi, kipando cha Shiva, ni wa enzi hizo za Nayaka. Hekalu dogo la mungu wa kike, mke wa Shiva, lililo uani ni la karne ya 13, na Wamaratha, watawala waliokuja baada ya Wanayaka, waliandika ukutani historia ya ukoo wao mwaka 1803. Kila utawala uliongeza, na ibada ikaendelea.

Ukiambiwa kivuli cha mnara hakigusi ardhi, usibishane na mtu, ila simama upande wa mashariki jioni ujionee kivuli kimelala uani.

Ukiweza, panga safari iangukie siku ya Pradosham, siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi mwandamo. Jua likikaribia kuzama, Nandi humwagiwa maziwa, maji ya manjano na liwa mbele ya umati mkubwa. Kisha ingia foleni ya kwenda ndani. Patakatifu penyewe huingia makuhani tu. Wengine husimama mbele, kuhani akazungusha moto wa kafuri, nao humwona Mungu na kuamini kwamba naye amewaona. Kamera iweke mfukoni. Ukipewa majivu matakatifu, pokea kwa mkono wa kulia.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Gangaikonda Cholapuram, hekalu la Rajendra, mwanawe Rajaraja, halafu Darasuram karibu na Kumbakonam, la karne ya 12. Yote matatu yamo pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Anza na Thanjavur, maana mengine mawili yalijengwa na watu waliokuwa wameliona hili.