Hesabu ya wolpepa: roli ngapi zitatosha chumba chako?

Wengi huishiwa wolpepa katikati ya kazi kwa sababu walipiga hesabu ya mita za mraba. Unazidisha upana wa ukuta kwa kimo, unagawanya kwa eneo la roli moja, jibu linatoka vizuri kabisa, kisha fundi anafika mwisho wa ukuta na karatasi imekwisha. Mita za mraba zinafaa kwa rangi, maana rangi iliyobaki kwenye kopo hupakwa popote. Wolpepa hubandikwa kwa mikanda mizima, kutoka darini hadi chini. Kinachobaki kwenye roli kikiwa kifupi kuliko ukuta, umekilipia lakini hakikusaidii. Kwa hiyo hesabu mikanda.

Chukua ukuta mmoja wa sebuleni, ule wa nyuma ya televisheni ambao watu hupenda kuupamba: upana mita 3.5, kimo mita 2.8. Eneo lake ni mita za mraba 9.8. Roli iliyozoeleka ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, yaani mita za mraba 5.3 na kidogo. Ukigawanya unapata 1.84, na muuzaji atakufungia roli mbili.

Sasa tazama roli hizo zikifunguliwa. Kila mkanda unahitaji mita 2.8 za ukuta, na sentimita 10 za ziada, tano juu na tano chini, ambazo fundi atazikata kwa wembe karatasi ikishakaa. Hiyo ni mita 2.90. Roli moja inatoa mikanda mitatu (mita 8.70) na kubakiza mita 1.35. Roli mbili ni mikanda sita, na mikanda sita ya sentimita 53 inafunika mita 3.18. Pembeni panabaki wazi sentimita 32, kuanzia juu hadi chini, huku sakafuni vimelala vipande viwili vya mita 1.35 ambavyo haviwezi kupaziba. Ukuta huu unataka mikanda saba, kwa hiyo roli tatu.

Kupima

Tumia tepu ya chuma. Ile ya fundi cherehani huvutika. Kimo kipime sehemu tatu za kila ukuta, kushoto, katikati na kulia, kisha shika kipimo kirefu kuliko vyote. Nyumba zetu nyingi zimepigwa plasta kwa mkono na sakafu haijalala sawa, hivyo tofauti ya sentimita mbili tatu kati ya kona na kona ni jambo la kawaida. Kama kuna skatingi (ule ukanda wa mbao au vigae chini ya ukuta), anzia juu yake. Kama dari la jipsamu lina boksi au kona ya urembo, ishia chini yake.

Upana pima kila ukuta peke yake, kisha jumlisha. Usipitishe tepu kwenye kona kwa mkupuo mmoja, maana inapinda na kukudanganya. Kila kona ya ndani ongeza sentimita 2, kwa kuwa fundi mzuri hazungushi mkanda mzima kwenye kona. Huukata ukaingia kidogo ukuta wa pili, kisha mkanda unaofuata hupanda juu yake. Kona karibu zote zimepinda kidogo, na mkanda mzima uliozungushwa hutoa mikunjo.

Ukipewa vipimo kwa futi, vibadilishe kabla ya hesabu yoyote: futi moja ni sentimita 30.48. Dari la futi 10 ni mita 3.05, siyo 3.

Chumba kizima

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 15, na kona nne zinaongeza sentimita 8. Gawanya 15.08 kwa 0.53, unapata 28.45. Panda hadi mikanda 29. Hapa hakuna kushuka hata kama nukta ni ndogo, kwa sababu robo ya mkanda nayo lazima ikatwe kutoka kwenye mkanda mzima. Kwa kimo cha mita 2.8 kila roli inatoa mikanda mitatu: 29 kugawanya kwa 3 ni 9.67, yaani roli 10. Hesabu ya mita za mraba ingekupa roli 8.

Vikokotoo vya mtandaoni vitumie kwa uangalifu. Vingi vimetengenezwa Ulaya, na nyumba nyingi mpya za Uingereza zina dari la karibu mita 2.4. Kwa kimo hicho mkanda ni mita 2.50 na roli inatoa minne. Kwa mita 10.05, mwisho wa kupata mikanda minne ni kimo cha mita 2.41, na mwisho wa kupata mitatu ni mita 3.25. Dari la futi 9 au 10 liko kwenye mitatu, kwa hiyo kikokotoo kisichokuuliza kimo hakikufai.

Ua ndilo linalobadilisha bei

Ua ni mchoro unaojirudia kwenye karatasi, na kwenye lebo ya roli huonyeshwa kwa mshale na namba. Mshale wenye sifuri maana yake karatasi haihitaji kulinganishwa, na hesabu yako ya hapo juu inabaki ilivyo. Mishale miwili inayotazamana ikiwa usawa mmoja maana yake ua linakutana moja kwa moja kati ya mkanda na jirani yake. Namba iliyo chini, tuseme 64, ni sentimita ambazo ua huchukua kabla ya kujirudia. Mishale ikipishana na kuandikwa 64/32, kila mkanda unashushwa sentimita 32 kuliko uliotangulia.

Karatasi yenye ua haikatwi kwa urefu wowote. Kila mkanda lazima uanze sehemu ileile ya ua, kwa hiyo urefu wake unapandishwa hadi marudio kamili. Kwa mkanda wetu wa mita 2.90 na ua la sentimita 64: 2.90 kugawanya kwa 0.64 ni 4.53, panda hadi 5, mara 0.64, ni mita 3.20. Roli bado inatoa mikanda mitatu, hata ikianzia katikati ya ua, kwa kuwa mkanda wa mwisho unahitaji mita 2.90 tu. Ua limekula tu kile kipande ambacho kingebaki, na roli ni 10 zilezile.

Sasa pandisha dari la chumba hichohicho hadi mita 3.15. Mkanda ni mita 3.25. Ukigawanya kwa 0.64 unapata 5.08, na hiyo nukta sifuri nane inakulazimisha kupanda hadi 6. Mkanda mmoja sasa unakula mita 3.84 na roli inatoa miwili tu. Mikanda 29 kwa miwili miwili ni roli 15. Karatasi isiyo na ua, chumba kilekile, ni roli 10. Umelipia roli tano za ziada kwa sababu mkanda ulizidi marudio matano kwa sentimita tano.

Kuna watakaokushauri upunguze zile sentimita za kukatia ili mkanda uwe mita 3.20 na roli itoe mitatu. Usikubali. Roli huwa hazianzii mwanzo wa ua. Nyingine ukiifungua unakuta ua limekatwa katikati, na itabidi utupe hadi sentimita 64 za mwanzo. Mikanda mitatu ya 3.20 ni mita 9.60 na akiba yako ni sentimita 45 tu, basi baadhi ya roli zitagoma kutoa mkanda wa tatu. Piga hesabu ya ua ukiwa bado dukani, na kama jibu ni baya tafuta ua dogo au karatasi isiyo na ua.

Kwa ua la kupishana, fungua roli mbili kwa pamoja. Mikanda ya kwanza, ya tatu na ya tano itoke roli moja, ya pili, ya nne na ya sita itoke nyingine. Hivyo unapoteza nusu ua mara moja mwanzoni mwa roli ya pili badala ya kuipoteza kila mkanda.

Ukuta mmoja wenye ua kubwa una jambo lingine: ua likae katikati. Ukiweka mkanda katikati ya ukuta wa mita 3.5, unahitaji mitatu kila upande, jumla saba. Ukiweka kiungo katikati, inakuwa minne kila upande, jumla minane.

Milango na madirisha

Usitoe mlango. Mlango wa sentimita 90 haufikishi mikanda miwili, na juu yake bado kuna ukuta unaotakiwa kufunikwa. Dirisha la mita 1.5 linaweza kuokoa mkanda mmoja au miwili, lakini sehemu za juu na chini yake zinahitaji vipande, na kwa karatasi yenye ua vipande hivyo lazima vilingane na majirani. Kwa karatasi isiyo na ua, vile vya mita 1.35 vilivyobaki ndivyo vya kufanyia kazi hapo. Kinachostahili kutolewa ni kabati la ukutani linalofika darini, kwa kuwa linafunika mikanda mizima.

Roli za vipimo vingine

Soma lebo kila mara. Zipo roli za sentimita 53 zenye urefu wa mita 9.5, na kwa dari la mita 3.15 zinatoa mikanda miwili badala ya mitatu hata bila ua. Za Korea huwa na upana wa mita 1.06 na urefu wa mita 15.6: chumba chetu cha mita 2.8 kinataka mikanda 15, roli inatoa mitano, kwa hiyo tatu zinatosha bila hata mkanda mmoja wa akiba. Hapo chukua nne. Zile za kujibandika zenyewe mara nyingi ni sentimita 45 kwa mita 10, nazo husinyaa kidogo zikikaa, hivyo kila mkanda upande juu ya jirani yake kwa sentimita moja na hesabu ifanywe kwa upana wa 44.

Kabla ya kulipa

Linganisha namba ya bechi, yaani kundi la roli zilizochapwa kwa pamoja, kwenye lebo ya kila roli. Bechi tofauti huwa na rangi inayotofautiana kidogo. Ukiwa umeshika roli mkononi huoni, lakini mikanda miwili ikikaa ubavu kwa ubavu na mwanga wa dirisha ukipiga, mstari unaonekana. Ndiyo maana kurudi dukani wiki ijayo kuongeza roli moja ni bahati nasibu. Kama hesabu yako imeishia bila mkanda wa ziada, ongeza roli moja sasa na uulize kama duka linarudisha isiyofunguliwa. Usipoirudisha, ihifadhi pamoja na lebo yake mahali pakavu: bomba likivuja au ukihamisha televisheni, utakuwa na kiraka cha rangi ileile.

Gundi inunuliwe kwa idadi ya roli iliyoandikwa kwenye pakiti, na uongeze pakiti moja kama plasta ni mpya, kwa kuwa itafyonza mkono wa kwanza. Ukuta wenye chumvi au unyevu usiununulie chochote hadi ukauke, maana gundi haitashika.